Kijana wa Nyuma ya Mabati

Mwezi uliopita pampu yangu ya maji iliharibika, nikabeba shafti yake hadi Sultan Hamud ikachongwe mfuo upya. Kijana aliyeipokea hakuwa hata amefika miaka thelathini. Aliifunga kwenye mashine, akabonyeza kitu, akatoa simu na kuanza kucheka na mtu wa upande wa pili. Kabla hajamaliza kucheka, mfuo ulikuwa tayari, pembe zake kali, chini yake pametulia. Mafuta ya kupoza chuma yakafuka moshi kidogo, na ile harufu ya chuma kilichokatwa sasa hivi ikanifikia pale nilipokuwa nimesimama. Nikatoka nje upesi. Yule kijana, mwenye adabu zake, akanifuata akaniuliza kama vumbi la chuma limeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo.

Nisieleweke vibaya, sikulia kwa huruma wala kwa kukumbuka mambo matamu. Nililia kwa hasira. Hasira yenyewe ni ya zamani na nimeishi nayo vizuri, nimesoma nayo, nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Siku nyingi hata siisikii. Lakini chuma kikikatwa karibu nami inaamka, na ikiamka haina adabu.

Kwa asiyejua mambo haya, shafti ni ule mti wa chuma unaozunguka, na puli ni gurudumu linalovaa mkanda. Puli ikivikwa tu kwenye shafti bila kushikwa, itazunguka peke yake na kuiacha shafti imelala. Kwa hivyo huchongwa mfuo kwenye shafti, na mfuo mwingine ndani ya tundu la puli, kisha kipande cha chuma cha mraba hupigwa katikati kikae katika mifuo yote miwili. Mafundi wa kwetu hukiita kii. Ni kitu kidogo, hakizidi kidole cha mtoto, lakini nguvu yote ya injini hupitia hapo. Mfuo ukiwa mpana kuliko kii hata kwa unene wa karatasi, kii itaanza kucheza. Ikicheza italegea, na ikilegea itatoka, na hapo puli nayo itakwenda inakotaka.

Nilijua haya yote kabla sijajua kugawanya. Banda letu lilikuwa hapo hapo Sultan Hamud, nyuma ya maduka yanayotazama reli, na lilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa mabati. Mbele palikuwa na benchi, kalenda ya mwaka uliopita na Baba Mdogo. Nyuma palikuwa na vaisi ya kubania chuma, iliyofungwa juu ya taruma la reli, tupa zilizopangwa kwa ukubwa, patasi, nyundo mbili, na drili ya kuzungusha kwa mkono. Baba yangu ndiye aliyelijenga. Simkumbuki sana. Namkumbuka kikohozi, na namkumbuka akiinamisha uso hadi pua yake iguse chuma, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakwisha. Alipofariki nilikuwa nimeanza tu shule, na mdogo wake, Kioko, akaja kukaa kwenye benchi. Huyo ndiye Baba Mdogo.

Ilikuwa kawaida ya banda kwamba mteja akifika, Mama anaingia nyuma ya mabati. Mimi niliona ni adabu tu, kama vile wanawake wanavyoingia jikoni wageni wakija. Mteja angeweka shafti yake juu ya benchi, ya kinu cha posho au ya pampu au ya mashine ya kupasua mbao, na Baba Mdogo angeigeuza huku na huku akiguna. Halafu angesema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Hii acha tu hapa. Niko na kijana huko nyuma. Kuja kesho."

Huyo kijana alinisumbua sana. Nilijua yupo, kwa sababu kila siku kazi yake ilitoka ikang'aa na watu wakaisifu. Lakini sikuwahi kumwona. Nilipofika kutoka shuleni nilimkuta Mama tu kule nyuma, akifagia chembe za chuma, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko. Nikajiambia kijana huja asubuhi na kuondoka kabla ya kengele ya kutoka shule. Nikaanza kumhurumia. Mtu anayefanya kazi hivyo na hata jina hapewi, huenda pia hapewi chakula. Kwa hivyo nikawa namwekea nusu ya muhogo wangu wa kuchemsha kwenye ukingo wa dirisha, nimeufunga kwa karatasi ya daftari. Kila nilipouangalia kesho yake haukuwepo, na nilifurahi mno.

Siku moja walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa mapema. Nilikimbia njia nzima ili nimkute. Nilipita mbele ya Baba Mdogo bila salamu, nikazunguka mabati, na nikamkuta Mama ameinamia vaisi, leso ameifunga kiunoni juu ya suruali kuukuu ya Baba, patasi mkono wa kushoto na nyundo mkono wa kulia. Alikuwa anapiga. Tak, tak, tak, pole pole, na kila pigo lilitoa ukucha mmoja wa chuma.

"Mama, kijana ameenda wapi?"

"Kijana gani?"

"Wa Baba Mdogo. Yule namwekea muhogo."

Mama aliweka nyundo chini. Alicheka hadi akashika taruma, akacheka bila sauti kwa sababu kulikuwa na mteja mbele, machozi yakimtoka na kumchora mistari miwili kwenye masizi.

"Kumbe huo muhogo haikuwa yangu!" akanong'ona. "Na vile nilikuwa nasema nimezaa mtoto ako na roho nzuri. Kijana ni mimi, mami. Mimi ndio kijana."

Baba ndiye aliyemfundisha. Macho yake yalipoanza kukwisha alimwita amshikie taa, halafu amwonyeshe mstari uko wapi, halafu amkatie huo mstari. Mwisho Baba ndiye aliyekuwa akishika taa. Mama alinieleza haya yote akiendelea kukwangua, na akamaliza kwa kunionya. Watu hawawezi kuleta shafti kwa mwanamke. Wakijua, banda litakufa, na mimi na yeye tutakula mchanga wa mto. Kwa hivyo nikiulizwa ni nani anakata mifuo, nisijue. Nimwachie Baba Mdogo ajibu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa masizi. Hii ilikuwa kazi yangu na sijawahi kupenda kazi nyingine hivyo. Niliwasha koroboi mchana kweupe na kupitisha kii juu ya moshi wake hadi iwe nyeusi pande zote. Mama aliisukuma kwenye mfuo kwa kidole, akaitoa, tukaangalia. Palipogusana palibaki na alama nyeusi ndani ya mfuo. Hapo ndipo palikuwa juu. Mama alipaondoa kwa tupa nyembamba, mara mbili au tatu, si zaidi, na mimi nikarudisha kii kwenye moshi. Tungefanya hivyo mara kumi, mara kumi na tano. Mwisho weusi ungeenea kila mahali sawasawa, na kii ingekataa kuingia kwa kidole na kukubali kwa nyundo ndogo tu, ikitoa sauti nene, fupi. Mama angeniangalia. "Umeskia hiyo? Hapo sasa imekubali."

Baada ya hapo shafti ilikwenda mbele na kuwa kazi ya Baba Mdogo. Wateja walimpa mkono wa heshima na kumwita fundi. Mmoja wao, Hajji, mwenye duka na kinu cha posho huko Kathonzweni, ambaye babu yake alitoka pwani na kuacha Kiswahili chake chote nyumbani mwao, alikuwa na tabia ya kupitisha kidole gumba ndani ya mfuo kutoka mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba.

"Mashallah," angesema. "Kioko, huyu kijana wako ana mkono. Usije ukampoteza."

"Huyo ni mkali, Hajji. Ni vile tu hapendi watu."

Nami nilikuwa nimesimama pale, masizi puani, nimefunga mdomo. Sijui kama mnakumbuka jinsi siri inavyokaa kwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Kwangu ilikuwa inauma kabisa. Nilimchukia Baba Mdogo kila alipochukua sifa hizo na kuzivaa. Nilikuwa najiambia kwamba siku moja mtu atauliza vizuri, ana kwa ana, na mimi nitasema, na wote watageuka wamtazame mama yangu. Nililala nikiipanga siku hiyo. Hata nguo nitakayovaa niliichagua.

Mvua za mwaka huo zilikuja kwa ghafla, na Mama akaondoka kwenda kwenye shamba letu Kathonzweni. Hakuwa na namna. Alikuwa kwenye mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu, na mvua hiyo iliangukia zamu yetu. Kwetu mtu hakosi siku ya shamba lake mwenyewe, wenzake wakija na majembe wakamkosa hawatarudi tena. Aliniacha kwa jirani kwa sababu ya shule, na akamwambia Baba Mdogo awaambie wateja kijana ni mgonjwa.

Siku ya pili Hajji akafika na shafti ya kinu chake, akiwa na haraka. Watu walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao, alisema, na wengine wametoka mbali na punda. Nilikuwa nimetoka shule, niko kwenye kona nikifanya hesabu. Nilimwona Baba Mdogo akiwaza. Kusema kijana ni mgonjwa kulikuwa maneno machache tu. Lakini Hajji alimpiga begani akamwambia, "Kwani wewe si fundi, Kioko? Kijana alijifunza kwa nani?" Na Baba Mdogo, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amekula ugali wa jina hilo, alishindwa kulirudisha.

Akaingia nyuma ya mabati. Hajji akaenda hotelini kunywa chai.

Mapigo yake nayakumbuka kwa sababu yalikuwa ya haraka. Hakutoboa matundu kwanza kama Mama, ambaye hutoboa safu nzima ya matundu halafu akaondoa kilichobaki katikati. Alianza moja kwa moja na patasi pana. Iliteleza mara kadhaa, nikamsikia akitukana. Nilipochungulia mfuo ulikuwa mpana mdomoni na mwembamba chini, na kii ilizama humo yenyewe, bila kuguswa.

"Wewe, kuja," akaniambia. "Niletee ule mkebe ya mafuta ya kupika."

Nikamletea mkebe mtupu. Akaukata kipande, akakikunja, akakipachika kando ya kii na kuvishindilia vyote kwa nyundo. Nikamuuliza niwashe koroboi.

"Ya nini?"

"Masizi."

"Masizi ni ya wanawake," akasema, akafuta shafti kwa kitambaa na kuipeleka mbele.

Mama alirudi kesho yake, udongo mwekundu bado umekauka kwenye vifundo vya miguu, amechoka na ana furaha kwa sababu shamba lote lilikuwa limepandwa. Sikumwambia. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikumwambia, na jibu halinipendezi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba katika banda lile mtu hasemi nani amefanya nini, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikadhani siri ya Mama na siri ya Baba Mdogo ni siri moja.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, niliona gari la Hajji likisimama. Alishuka na wazee wawili wa kutoka Kathonzweni, na mmoja alibeba gunia lenye kitu kirefu ndani. Walikitoa wakakiweka kwenye benchi. Ilikuwa shafti. Nikajua kinachofuata, Hajji atapitisha kidole gumba. Na kweli alikipitisha, macho wazi. Uso wake ulikuwa mgumu, lakini nyuso za watu wazima zilikuwa ngumu siku nyingi, na mimi sikuwa nasoma nyuso. Nilikuwa nasubiri swali.

"Kioko," Hajji akasema, "leo nimekuja na mashahidi. Nataka kumwona huyo kijana wako. Ni nani hasa anayekata mifuo hapa?"

Liliulizwa hivyo hivyo nilivyokuwa nimelipanga. Baba Mdogo aliangalia chini, nikadhani ni choyo, hataki kugawa sifa. Mama alikuwa ametokea kwenye mlango wa mabati kusikiliza. Niliona hakuna atakayejibu, na kwamba nafasi itapita. Nikakimbia nikamshika mkono, nikamvuta hadi katikati ya wanaume wale.

"Ni mama!" nikasema. "Yote anakata mama. Hakuna kijana."

Niliwatazama nikingoja wafurahi. Nakumbuka nilikuwa nacheka.

Mkono wa Mama ulikuwa umelegea kabisa ndani ya mkono wangu. Wa kwanza kuongea alikuwa Baba Mdogo, na kabla hajaongea alishusha pumzi ndefu.

"Sasa mmeskia wenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa naona aibu kusema. Ni bibi ya marehemu ndugu yangu, nilikuwa namsaidia. Lakini mtoto hawezi danganya."

Ndipo Hajji akaeleza, na alieleza akimwangalia Mama. Puli ilikuwa imetoka kinu kikiwa kwenye mwendo. Kijana wake wa mashine, Kimeu, alikuwa anarudisha mkanda. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba tu, na Kimeu alikuwa na mke na watoto wawili.

Mama aliomba shafti. Mzee mmoja akasita, Hajji akampa. Aliingiza kidole ndani ya mfuo, akakitoa, akakiingiza tena. Kipande cha mkebe kilikuwa bado kimeng'ang'ania kwenye kona, rangi yake ya njano ikionekana.

"Hii si mkono yangu, Hajji," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejua anachosema. "Mimi siwezi weka bati. Angalia hii mdomo vile imepanuka. Angalia huku mwisho, mimi huwa natoboa tundu kwanza, mwisho inakuwa mviringo. Hii imekatika tu. Leta ile ya mwaka jana yenye iko kwa pampu yako. Weka hizi mbili pamoja, hata mtu hajasoma ataona."

"Mama Nduku," mzee mwenye gunia akasema, "mtoto wako amesema ni wewe. Sisi tumeskia. Sasa ni mtoto anadanganya?"

Hapo nikaelewa. Si yote, lakini nilielewa kwamba nimefanya jambo baya na kwamba bado ninaweza kulirekebisha, kwa sababu nilikuwepo. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hiyo moja haikuwa ya Mama, Mama alikuwa shambani, hiyo ilikuwa ya Baba Mdogo, mimi ndiye niliyemletea mkebe.

Baba Mdogo hakunikasirikia hata. Alitikisa kichwa kwa upole, akanionea huruma mbele yao.

"Mnaona?" akasema. "Saa hii amebadilisha. Ameona mama yake ako kwa shida. Mtoto wa watu, mimi simlaumu."

Wakakubaliana naye. Neno langu la kwanza lilikuwa ushahidi na la pili likawa mapenzi ya mtoto kwa mama yake. Nimezeeka kidogo sasa, nimekaa katika vikao vingi vya watu wazito, na bado sijakutana na hesabu mbaya kuliko hiyo. Kwa miaka mitatu hakuna mtu kuanzia Sultan Hamud hadi Kathonzweni ambaye angeamini kwamba mwanamke anaweza kukata mfuo. Kazi ilipoharibika waliamini papo hapo, bila kuuliza swali la pili. Mama hakuwahi kuwa fundi siku nyingine yoyote machoni pa watu. Walimpa ufundi asubuhi hiyo moja, ili wapate wa kumlaumu.

Hajji peke yake alisimama kidogo. Nilimwona akiangalia mikono ya Mama, kucha zake na zile chembe nyeusi zilizoingia ndani ya ngozi zisitoke. Nadhani alijua. Mtu aliyepitisha kidole kwenye mifuo ile miaka yote hawezi kukosa kujua. Lakini alisema tu, "Mngeniambia tangu mwanzo," akaingia kwenye gari. Namkasirikia yeye kuliko wale wazee.

Wazee wa ukoo wetu walikaa wiki iliyofuata. Hawakukaa muda mrefu. Walisema ukoo umeaibika, kwamba vyombo vya chuma si vya kuachiwa mwanamke, na kwamba banda libaki kwa Kioko kwa sababu ndiye mwanamume aliyebaki. Mama aliruhusiwa kuchukua vitanda, masufuria na nguo. Aliomba tupa moja tu, ile nyembamba ambayo Baba alianza nayo kazi. Baba Mdogo akasema zikitolewa moja moja seti itaharibika. Mwezi uleule aliajiri kijana, wa kweli safari hii, na akamweka mbele watu wamwone.

Tukahamia Kathonzweni. Kitu cha kwanza alichofanya Mama, kabla hata ya kuezeka upya jikoni, ni kujaza ndengu kwenye kiondo na kwenda nami nyumbani kwa Kimeu. Nilimwambia tusiende, si sisi tuliomuumiza. Akasema mtu ameumia, na sisi ni majirani. Mke wa Kimeu alitoka akasimama mlangoni. Hakututukana. Alimwangalia Mama mikono, akaangalia kiondo, akarudi ndani na kurudisha mlango. Tulikaa kwenye jiwe uani mpaka jua likawa kali, kisha tukarudi na ndengu zetu. Ndani ya nyumba nilimsikia mtoto akiuliza ni nani, na mama yake akajibu, "Ni yule fundi."

Mama hakunigombeza kamwe. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningependa anichape, akina mama wa rika lake hawakuwa na uvivu wa kuchapa, lakini hakuwahi kutaja siku ile hata kwa mbali. Alilima, alipepeta, alipasua kokoto kando ya barabara wakati wa kiangazi. Nilimwona mara moja tu akisahau. Alikuwa amekaa na rundo la mawe, akainua nyundo, kisha akalishika jiwe moja na kuligeuza polepole akitafuta mstari wa kulipasulia, akapiga pigo moja dogo, tak, likafunguka katikati kama mkate. Wanawake wengine wakashangaa. Yeye akaigeuza nyundo haraka na kuanza kupondaponda kama wao.

Muhula ulipofunguliwa niliandikishwa katika shule ya hapo, na mwalimu akatupa fomu za kupeleka nyumbani. Nilikaa na Mama nje, saa kumi hivi, yeye akichambua mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi kwenye ungo. Nilimsomea kila mstari naye akajibu. Jina. Kijiji. Kanisa. Nilipofika kwenye kazi ya mzazi sikumuuliza. Nilikuwa najua jibu, na kalamu yangu ya risasi ilikuwa imechongwa vizuri. Nikaandika.

"Umeweka nini hapo?" akauliza. Alikuwa anasoma kwa shida, lakini alikuwa anasoma.

"Fundi."

Akaacha kuchambua. Hakuinua sauti.

"Futa."

"Lakini mama, wewe ni—"

"Nimesema futa, mami."

Nikafuta. Raba yangu ilikuwa mbovu, ikaacha doa la kijivu, nikapuliza vumbi lake. Nikamuuliza niandike nini basi.

"Andika hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna tu."

Nikaandika. Aliinama akaitazama fomu kwa muda mrefu, kisha akaniambia nina mwandiko mzuri.